Shajara ya mradi: kijitabu cha sarufi ya Kiingereza kwa darasa la jioni

14 Januari 2025

Leo nimefungua daftari hili ili niweke kumbukumbu za kijitabu ambacho nimekuwa nikiliahidi darasa langu la jioni tangu mwaka jana. Darasa lina watu 14, nasi hukutana kila Jumanne na Alhamisi katika chumba cha kukodi hapa Morogoro. Yumo dada anayefanya kazi mapokezi hotelini, dereva wa teksi, muuguzi, mafundi simu wawili, mama anayeuza vitenge, na vijana kadhaa waliomaliza darasa la saba ambao mwezi huu wanaingia kidato cha kwanza. Hao vijana ndio wenye haraka kuliko wote, na haraka yao naielewa: katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto husomeshwa kwa Kiswahili miaka saba, Kiingereza kikiwa somo moja tu miongoni mwa mengine, kisha akivuka kwenda sekondari hukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zimebadili lugha.

Mpango nilioandika wakati wa likizo una sura 20, nao unafuata aina za maneno: nomino, viwakilishi, vitenzi, vivumishi, vielezi, na kadhalika hadi viingizi. Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vimepangwa hivyo, na mpangilio huo ni wa kale. Wanasarufi wa Kiingereza wa karne ya 18, akina Robert Lowth aliyechapisha sarufi yake mwaka 1762 na Lindley Murray aliyetoa ya kwake mwaka 1795, waliipanga lugha yao kwa vigezo walivyovirithi kutoka kwenye Kilatini, na waliowafuata wakaendelea na desturi hiyo. Nimeanza kuitilia shaka. Wanafunzi wangu wanaweza kukariri maana ya nomino usingizini, na mmoja wa mafundi simu ana orodha nzima ya "go, went, gone" kichwani, lakini juzi juzi alipotaka kunieleza kwa nini hakuwahi darasani alisema "I did went to Msamvu".

28 Januari 2025

Mpango wa sura 20 nimeuweka kando.

Sababu ni neno moja nililoliandika ubaoni Alhamisi iliyopita: "Hatukumwona." Niliwaomba wanafunzi walipasue, wakalipasua bila shida, kwa kuwa hii ni lugha yao. "Ha" ni ya kukanusha, "tu" ni sisi, "ku" inaonyesha kwamba jambo limepita, "mw" ni yule asiyeonwa, "on" ni mzizi wenye maana, na "a" ni ya kufungia. Kisha nikaandika chini yake "We did not see him", nikawaomba wachore mistari kutoka kipande hadi kipande. Chaki ilipita mikononi mwa watu watano. "Tu" ikaenda kwa "we", "ha" ikaenda kwa "not", "on" ikaenda kwa "see", na "ku" ikabaki ikielea hadi mama wa vitenge aliposema kwamba haina pa kwenda isipokuwa kwa "did".

Hapo ndipo nilipowauliza: kama "did" tayari imebeba wakati uliopita, "see" nayo ina kazi gani ya kubeba wakati huo huo? Nikaandika ubaoni "sikulienda", neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka, lenye "ku" na "li" zikigombania nafasi moja. Darasa likacheka. Nikawaambia kwamba hivyo ndivyo "I did not went" inavyosikika masikioni mwa Mwingereza. Fundi simu hakucheka sana, lakini alinakili mstari huo kwa wino mwekundu.

Tangu jioni ile nimeamua kwamba kijitabu kisianze na aina za maneno. Kitaanza na kitenzi cha Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachobeba mzigo wote wa sentensi yetu, na kila sura itaonyesha kipande kimoja cha kitenzi hicho kinakwenda kukaa wapi katika sentensi ya Kiingereza. Istilahi nitatumia zile walizozisoma katika Kiswahili shuleni, yaani kiima, yambwa (kinachotendwa), njeo (wakati wa kitenzi), ngeli na upatanisho, ili wasijifunze vitu viwili vipya kwa wakati mmoja.

Suala la "he" na "she" nimelipa nusu ukurasa tu. Kiambishi "a" cha "anakuja" hakiulizi kama mtu ni mume au mke, kwa hiyo mwanafunzi husema "My mother he is sick" bila kuona ajabu yoyote. Hakuna kanuni ya kufafanua hapo. Kinachohitajika ni mazoezi ya mdomo, tena mengi.

Herufi "s" ya nafsi ya tatu umoja, kwa upande mwingine, imenichukua wiki nzima. Mwanafunzi anayejua kwamba "books" ni wingi wa "book" ana kila sababu ya kuandika "they goes", maana ameshafundishwa kwamba "s" ni alama ya wingi. Nimeandika mifano miwili inayotazamana, "The boy runs" na "The boys run", nikawaonyesha kwamba katika nomino za kawaida "s" hukaa ama kwa kiima ama kwa kitenzi, na ni nadra kukaa kote kuwili. Baada ya hapo nikaongeza kwamba "does" hufanya kazi ile ile ya "did": ikishaibeba "s" yenyewe, kitenzi kinachofuata hubaki kitupu, ndiyo maana tunasema "He does not go". Nimetia pia kidokezo kifupi cha historia kwa wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambamo nafsi hiyo hiyo huishia kwa "eth", kama "maketh" na "goeth". "S" ilitoka katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ikaisukuma "eth" pole pole, na Shakespeare alitumia zote mbili. Kijana mmoja aliuliza kwa nini hawakuzitupa zote mbili kwa pamoja. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

11 Februari 2025

Sura ya "me" imekuwa ndefu kuliko nilivyokusudia, na sitaifupisha.

Vitabu tulivyosomea sisi vilikuwa na jedwali dogo lililoonekana kama sheria ya hesabu: "na" ni wakati uliopo, "li" ni wakati uliopita, "ta" ni wakati ujao, na "me" ni "have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Kwa "nimekula" jedwali linafanya kazi, kwa maana "I have eaten" ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba "me" ya Kiswahili mara nyingi haisimulii tendo. Inaeleza hali ambayo tendo limeiacha nyuma yake. Tukisema mtoto amelala, hatusimulii kwamba wakati fulani alijilaza; tunasema kwamba sasa hivi yuko usingizini, tupunguze sauti. Hapo Kiingereza hakitaki "have" hata kidogo, kinataka "is": "The child is asleep." Ndivyo ilivyo kwa amechoka, amekasirika, amesimama, amekaa, amekufa, kwa embe lililoiva na kwa mlango uliofungwa. Dada wa mapokezi alikiri kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiwaambia wageni "The manager has sat in his office", naye dereva wa teksi humtambulisha abiria wake kwa simu kwa kusema "He has worn a red shirt", wakati anachotaka kusema ni "He is wearing a red shirt". Sentensi hizo mbili nimezitia kitabuni kama zilivyo, kwa ruhusa yao.

Kipimo tulichokipata darasani ni swali moja: je, ninataka kusema kilichotokea, au ninataka kusema mtu au kitu kiko katika hali gani sasa? Likiwa la pili, kitenzi cha Kiingereza kitakuwa "is", "are" au "am" kikifuatwa na kivumishi au na umbo la "ing". Kipimo hiki hakikamati kila kitu, lakini kinakamata kile kinachowasumbua kila siku.

Upande wa pili wa "me" ni siku iliyokwisha. Kiswahili kinaruhusu "nimefika jana" na "nimemwona asubuhi" bila mtu kushtuka. Kiingereza sanifu hakikubali "I have arrived yesterday", kwa sababu "have" inadai kwamba kipindi kinachozungumziwa bado kinaigusa sasa, na jana imekwisha fungwa. Neno lolote linalotaja wakati uliofungwa, kama "yesterday", "last year", "in 2019" au "two days ago", linaifukuza "have" na kuita wakati uliopita wa kawaida. Na kuna kinyume chake, ambacho ndicho kigumu zaidi. Sisi husema "ninaishi Morogoro tangu 2015" kwa "na", kwa kuwa bado ninaishi. Mwanafunzi huandika "I live in Morogoro since 2015", na hapo hapo ambapo alikuwa na haki ya kutumia "have" haitumii. Inatakiwa "I have lived in Morogoro since 2015."

Mahali ambapo Kiswahili kinatubeba ni kwenye "ja". "Sijala" na "sikula" kila Mswahili anazitofautisha: ya kwanza ina matumaini kwamba chakula kinakuja, ya pili imekata tamaa. "Sijala" ni "I haven't eaten yet", na "sikula" ni "I didn't eat". Sijaona somo lililoeleweka upesi kama hili. Muuguzi, ambaye husikiliza filamu za Kimarekani akipika, alipinga kwamba amesikia "Did you eat yet?" mara nyingi, naye ana haki, Marekani watu wengi husema hivyo pale ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten yet?" Nimeandika tanbihi ya mistari miwili, kwa sababu kumwambia mwanafunzi kwamba alichokisikia hakipo ni kumpotezea imani.

Suala hilo la "ja" lilitupeleka kwenye jibu la "ndiyo". Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, kwa Kiswahili unaweza kujibu "Ndiyo", maana unalikubali neno la muulizaji. Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't", kwa sababu "yes" na "no" haziangalii swali lilivyoulizwa, zinaangalia kama kitenzi cha jibu ni yakinifu au kimekanushwa. Muuguzi alisema kwamba hili si jambo dogo unapomuuliza mgonjwa kama hajanywa dawa.

Dada wa mapokezi naye alileta kisa cha "nakuja". Mgeni alimwomba taulo, yeye akamjibu kwa adabu "I am coming", kisha akageuka na kwenda zake stoo. Mgeni alisimama pale akimtazama mtu anayesema anakuja huku anaondoka. Sasa anasema "I'll be right back", na anadai kwamba amelipwa bakshishi kwa ajili yake, dai ambalo sina njia ya kulithibitisha.

20 Februari 2025

Sura ya vibainishi, yaani "a", "an" na "the", niliiogopa kuliko zote. Kiswahili hakina maneno haya, na vitabu vingi huanza kwa kusema hivyo kisha vikamwacha mwanafunzi na orodha ya kanuni asizoweza kuzihisi.

Nimejaribu njia nyingine. Niliandika "Nilinunua kitabu" na "Nilikinunua kitabu", nikauliza tofauti yake ni nini. Kwa muda hakuna aliyejibu. Kisha mama wa vitenge akasema kwamba anayesema "nilikinunua" anakisema kitabu ambacho mimi na yeye tayari tumekwisha kukizungumza. Ndicho hasa nilichokuwa nakisubiri. Sentensi ya kwanza ni "I bought a book", ya pili ni "I bought the book". Mswahili anao uwezo wa kutofautisha kitu kipya na kitu kinachojulikana, ila huutia ndani ya kitenzi kwa kiambishi cha yambwa badala ya kuutia mbele ya nomino. Jioni ile tulifanya sentensi nyingi za namna hiyo, za vikombe, milango na magari, na kwa mara ya kwanza nilisikia "the" ikitumika mahali pake bila kubahatisha.

Ila njia hii ina mpaka, na nimeuandika kwa herufi nene. Kwa watu na wanyama kiambishi cha yambwa huwekwa karibu kila mara, hata kama mtu huyo hajulikani: "nilimwona mtu" ni "I saw a person" tu. Kwa hiyo kipimo ni cha vitu, si cha viumbe. Kwa viumbe tunategemea "mmoja" na "yule": aliyekuja mtu mmoja, yule mtu akakaa.

Kuhusu "a" na "an" nimesema tu kwamba sikio ndilo linaloamua, si jicho: "an hour" kwa sababu "h" haisikiki, "a university" kwa sababu sauti ya kwanza ni ya "y". Vitu vinavyozungumzwa kwa jumla havitaki "the", ndiyo maana "maji ni uhai" ni "Water is life", na "maisha ni magumu" ni "Life is hard", ingawa darasa zima liliandika "The life is hard" kwa hisia kali. Majina ya mahali nimeyachukua ya hapa hapa: "Lake Victoria" na "Mount Kilimanjaro" hayana "the", lakini "the Indian Ocean", "the Rufiji" na "the Comoros" yanayo. Ziwa moja na mlima mmoja hujitegemea. Bahari, mito na visiwa vilivyo kundi hutaka kutanguliwa.

6 Machi 2025

Ramadhani imeanza, na darasa tumelisogeza mpaka saa kumi alasiri ili wanaofunga wawahi kurudi nyumbani kabla ya futari. Kazi inakwenda taratibu, lakini sababu yake kubwa si funga.

Nilipeleka sura nne za kwanza kwenye duka moja la steshenari ili zichapwe na kutolewa nakala 20 za majaribio. Katika mswada wangu kila sentensi yenye kosa ilikuwa na nyota mbele yake, kama ilivyo desturi ya wanaisimu, na chini yake kulikuwa na sentensi sahihi. Kijana aliyechapa ni mtu makini na Kiingereza chake ni kizuri, na humo ndimo ulimotoka msiba wetu. Alipoziona sentensi zenye makosa alidhani mwalimu ameteleza, akazisahihisha moja baada ya nyingine. Nyota alizihesabu kuwa madoa ya kalamu, akaziondoa. Nimerudi nyumbani na nakala 20 safi, zilizobanwa pini vizuri, ambamo ukurasa wa tisa unasomeka hivi: "Usiseme: I did not go. Sema: I did not go."

Darasa lilifurahi mno. Dereva wa teksi alisema kwamba huu ndio ukurasa pekee aliouelewa wote. Fedha ya karatasi imekwenda, na sikuona haki ya kumlaumu aliyechapa, kwa kuwa sikumweleza maana ya nyota. Katika toleo linalofuata nitaacha nyota, na sentensi yenye kosa nitaikata kwa mstari katikati, ili hata asiyejua Kiingereza aone kwamba imekataliwa.

18 Machi 2025

Vihusishi. Nimeandika kurasa sita nikafuta nne.

Kiambishi tamati "ni" kinatosha kwetu kwa "mezani", "nyumbani", "darasani" na "shuleni". Kiingereza kinataka uchague: "on the table", "at home", "in the classroom", "at school". Kanuni ya "on" kwa juu ya kitu, "in" kwa ndani yake, na "at" kwa mahali panapochukuliwa kama nukta tu, inafaa kwa nusu ya safari. Nusu nyingine ni mazoea, na sitamdanganya mwanafunzi kwamba kuna siri ninayomficha.

Kilichobaki na thamani ni vitenzi. Sisi husema "nisikilize", "nisubiri", "niangalie", na yule "ni" wa mwanzoni anatosha. Kwa hiyo mwanafunzi husema "listen me", "wait me", "look me". Kiingereza kinadai kihusishi, tena kila kitenzi kina chake: "listen to me", "wait for me", "look at me". Kinyume chake, palipo na "kujadili kuhusu jambo" tunaongeza kihusishi kisichotakiwa na kusema "discuss about", ilhali "discuss" hujitosheleza. Nimewashauri waandike kitenzi na kihusishi chake kwenye mstari mmoja wa daftari, wavikariri pamoja, wasivitenganishe kamwe.

Nilitaka pia kuingiza vitenzi vya maneno mawili kama "give up", "put off" na "run out of", nikaona vitakimeza kijitabu chote. Havitakuwamo.

10 Aprili 2025

Baada ya Idi tumerudi kwenye saa zetu za kawaida, nami nimerudi na wazo ambalo kwa siku tatu lilininyima usingizi.

Nilikuwa nikiyapanga makosa ya madaftarini kwa ajili ya mazoezi, nikaona kwamba mengi yanafanana sura. "Although it was raining, but we went", kwa sababu "ingawa" yetu hupenda kuandamana na "lakini". "The book which I read it", kwa sababu "kitabu nilichokisoma" kina "cho" na "ki", vyote viwili vikikirejelea kitabu. "If I would have money, I would buy a motorcycle", kwa sababu "ningekuwa na fedha, ningenunua pikipiki" ina "nge" pande zote mbili. Katika kila kosa mwanafunzi ameweka alama mara mbili pale ambapo Kiingereza kinaiweka mara moja. Tena Kiswahili ni lugha ya kurudia alama: "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea" ina alama ya ngeli hiyo katika kila neno, tangu la kwanza hadi la mwisho, ilhali katika "my two good books are lost" alama ya wingi inaonekana kwenye "books" na "are" tu, huku "my" na "good" zikiwa zile zile za umoja. Nikaandika sura mpya kwa usiku mmoja, nikaipa jina "Alama Mara Moja", nikaamini nimepata ufunguo wa nyumba nzima.

Asubuhi yake niliisoma upya na kuikuta na mashimo. "I did not went" haitoki kwenye Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kinakataa "sikulienda". Kosa hilo hulifanya wanafunzi wa lugha nyingi, na hata watoto wanaozaliwa ndani ya Kiingereza hupita humo wakiwa wadogo. "More bigger" nayo haina mzazi katika "kubwa kuliko". Na "s" ya "he goes" ni Kiingereza kikirudia alama pasipo na haja, maana "he" ilikwisha kutuambia ni nani. Kwa hiyo sura nimeibakiza, lakini nimeipunguza ikawa na makosa matatu yale yale niliyoanza nayo, na nimeondoa sentensi iliyosema kwamba "siri ya Kiingereza ni hii". Nilikuwa nimeipenda sana sentensi ile.

Maswali yamepata kurasa mbili. Kiswahili huacha neno la kuuliza mahali pa jibu, "unakwenda wapi", ndiyo maana tunapata "You are going where?" Kiingereza hulivuta neno hilo mbele na kukipindua kitenzi kisaidizi: "Where are you going?" Mwanafunzi akishazoea kupindua, hupindua hata pasipotakiwa, akaandika "I don't know where is he". Swali likishamezwa ndani ya sentensi nyingine, mpangilio hurudi kuwa wa kawaida: "I don't know where he is." Vijana wa kidato cha kwanza walilipata hili kabla ya watu wazima.

Na mvua. "Mvua inanyesha" ina mtenda, nayo ni mvua yenyewe. Kiingereza husema "It is raining", na muuguzi alitaka kujua "it" ni nani. Si mtu wala kitu. Kiingereza hakiruhusu kiti cha kiima kibaki kitupu, kwa hiyo huweka "it" akae tu. Nikawakumbusha "inabidi" na "inaonekana" za kwetu, ambazo "i" yake nayo haimrejelei yeyote, wakatulia.

29 Aprili 2025

Kijitabu kimetoka: kurasa 44, nakala 40, kwa fedha za michango ya darasa. Sentensi zenye makosa zimekatwa kwa mstari, na aliyechapa ni yule yule kijana wa steshenari, ambaye safari hii alikaa nami saa nzima akiuliza kabla ya kugusa chochote. Amegundua pia sehemu mbili nilizoandika "advices" na "furnitures" kwa mkono wangu mwenyewe, katika ukurasa unaoeleza kwamba nomino hizo hazina wingi.

Nilizigawa nakala leo jioni. Ukurasa wa kwanza una utangulizi mfupi kwa Kiingereza, aya moja, nilioutia kwa ajili ya wageni wanaoweza kukiokota kijitabu hotelini. Dereva wa teksi aliusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari, akafika kwenye maneno "I have taught this class since three years", akasimama. Alirudi nyuma, akasoma tena. Kisha akafungua ukurasa wa 17, akasoma kanuni yangu mwenyewe kwamba "since" hutangulia mahali wakati ulipoanzia, kama "since 2022", na "for" hutangulia urefu wa muda, kama "for three years". Akaniuliza, kwa heshima zote za mwanafunzi kwa mwalimu wake, kama utangulizi una kanuni tofauti na kitabu.

Ilikuwa "tangu miaka mitatu iliyopita", imetoka kichwani mwangu kwenda kwenye karatasi bila kusimama popote. Tumegawana kalamu, tukaanza kusahihisha nakala moja moja kwa mkono, kukata "since" na kuandika "for" juu yake. Hadi saa tatu usiku, mwenye chumba alipokuja kudai ufunguo, zilikuwa zimekamilika 26. Zilizobaki zimo ndani ya mfuko wa mama wa vitenge, na amesema tutazimaliza Alhamisi.